Willis Carrier: Mhandisi aliyetia hewa lijamu ili kuokoa karatasi

WATU wengi wanaolala chini ya kiyoyozi mjini Mombasa, Malindi au Lamu hudhani kwamba mtambo huo ulibuniwa ili kumpunguzia binadamu adha ya joto. Ukweli ni kwamba kiyoyozi cha kisasa kilianza kazi kwa ajili ya karatasi, na aliyekibuni alikuwa kijana wa umri wa miaka 25 aliyeajiriwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo kwa ujira wa dola 10 kwa wiki.

Kijana huyo ni Willis Haviland Carrier, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1950. Jina lake limebandikwa hadi leo kwenye mitambo ya kupoza hewa katika hoteli, hospitali na ofisi kote ulimwenguni, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba lilikuwa jina la mtu.

Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876 katika shamba karibu na mji mdogo uitwao Angola, jimboni New York, usiohusiana kwa vyovyote na nchi ya Angola isipokuwa kwa jina. Alikuwa mtoto wa pekee. Mamake, Elizabeth, alikuwa na mikono ya ufundi: saa ya ukutani ikikwama au cherehani ikigoma, ni yeye aliyeifungua na kuitengeneza.

Inasimuliwa kuwa Willis alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, hesabu za sehemu zilimshinda kabisa. Mamake alimtuma ghalani akalete sufuria ya matufaha, akamwamuru ayakate nusu, robo na thumni, kisha ajumlishe na kutoa vipande hivyo kwa mkono. Carrier aliitaja siku hiyo mara nyingi alipokuwa mtu mzima. Alisema ndiyo iliyomfunza kwamba tatizo kubwa hukatwakatwa hadi likawa dogo. Miaka miwili baadaye mama huyo alifariki, mwanawe akiwa na umri wa miaka 11.

Familia haikuwa na fedha. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka wa 1893, ndoto ya chuo kikuu iliahirishwa na kijana akafundisha katika shule ili kujikimu. Hatimaye alipata ufadhili wa kusomea katika Chuo Kikuu cha Cornell, alikoingia mwaka wa 1897. Huko alikata nyasi, alichochea tanuri za kupashia nyumba joto, aliwaandalia watu meza, na katika mwaka wake wa mwisho akashirikiana na wenzake kuendesha biashara ya dobi kwa wanafunzi. Alihitimu mwaka wa 1901, na Julai mwaka huo akajiunga na kampuni ya Buffalo Forge iliyounda feni, vipulizo na mitambo ya kupasha joto.

Rangi zilizokataa kukutana

Mwaka wa 1902 kampuni ya upigaji chapa ya Sackett & Wilhelms, iliyokuwa Brooklyn, ilikuwa taabani. Kazi yake ilikuwa kuchapisha picha za rangi, likiwemo jarida la vichekesho la Judge. Enzi hizo karatasi moja ilipitishwa mtamboni mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Majira ya joto yalipowadia, hewa ya New York ikajaa unyevu. Karatasi iliyopigwa rangi ya manjano asubuhi ilikuwa imefutuka kidogo ilipofika wakati wa kupigwa nyekundu. Rangi hazikukutana.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya gazeti anaifahamu aibu hiyo. Midomo ya bi harusi inahamia shavuni, bendera inaota kivuli, na shehena nzima inatupwa. Kwa Sackett & Wilhelms hasara ilikuwa ya karatasi, wino, muda na wateja.

Irvine Lyle, aliyesimamia mauzo ya Buffalo Forge mjini New York, aliombwa atafute dawa. Alimpelekea Carrier suala hilo. Takwa lilikuwa bayana: unyevu wa hewa katika kiwanda ubaki asilimia 55 mwaka mzima, na joto lisipande kupita nyuzi 27 hivi za Selsiasi wakati wa kiangazi.

Wahandisi wa wakati huo walijua kupasha hewa joto. Aidha, walijua kuongeza unyevu. Kuuondoa kwa kipimo maalumu ndiko kulikokuwa hakujawezekana. Carrier alichukua koili za kupashia joto ambazo kwa kawaida hupitishwa mvuke, akapitisha maji baridi badala yake, kisha akakokotoa uwiano kati ya ubaridi wa koili na kasi ya hewa inayopita juu yake. Michoro yake ilikamilika Julai 17, 1902, tarehe ambayo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa kiyoyozi.

Jambo alilolitumia halina siri. Mimina soda baridi katika bilauri ukiwa Mombasa mwezi wa Machi, uiache mezani. Baada ya dakika chache bilauri itaanza kutokwa na jasho. Bilauri haivuji, mvuke uliomo hewani umegusa kitu baridi ukageuka maji. Kila hewa ina kiwango chake cha joto ambacho, ikipozwa chini yake, hulazimika kuyaachilia maji iliyoyabeba. Wataalamu hukiita kiwango cha umande. Anayekitawala kiwango hicho anautawala unyevu wote wa chumba.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Carrier alikuwa akisubiri garimoshi usiku mjini Pittsburgh. Ukungu ulikuwa umetanda kituoni. Akiwa anatembea huku na huko, ilimpambazukia kwamba ukungu ni hewa iliyoshiba maji, na kwamba akiweza kutengeneza ukungu wa kiwango cha joto anachokitaka, ataweza kuamua hewa ibebe maji kiasi gani. Kwa hivyo angeikausha hewa kwa kuipitisha katika manyunyu ya maji! Wazo hilo linaonekana kama kichekesho, lakini ni sahihi: manyunyu yakiwa baridi vya kutosha, hewa inatoka humo ikiwa na maji machache kuliko ilivyoingia. Aliliombea hataza mwaka wa 1904 na kupewa Januari 2, 1906, kwa nambari 808,897.

Jina ambalo Kiingereza hulitumia kwa utaalamu huu halikutungwa naye. Lilitungwa mwaka wa 1906 na Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo huko North Carolina, ambako uzi mkavu ulikatika ovyo mashineni. Viwanda vya pamba ndivyo vilivyofuata kununua mitambo ya Carrier, na mwaka wa 1907 mmoja ulifika katika kiwanda cha hariri mjini Yokohama, Japani.

Usiku asioweza kulala

Wanaomtukuza Carrier aghalabu huruka kisa cha Crystal City, ilhali kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kinachomwonyesha mtu mwenyewe.

Akiwa bado Buffalo Forge, alitumwa katika kiwanda cha vioo huko Crystal City, jimboni Missouri, kufunga mtambo wa kusafisha gesi. Mbinu ilikuwa mpya, imejaribiwa mara moja tu na katika mazingira tofauti. Mtambo ulifanya kazi, lakini si kwa kiwango ambacho kampuni ilikuwa imedhamini. Carrier alishikwa na fadhaa, tumbo likamsokota, usingizi ukamkimbia.

Hatimaye alijiuliza: baya kabisa linaloweza kutokea ni lipi? Hakuna ambaye angemfunga jela. Kampuni ingeung'oa mtambo na kupoteza dola 20,000, naye huenda angepoteza kazi. Alilikubali hilo moyoni kana kwamba limekwisha kutokea. Mara akapata utulivu, akaanza kupima upya. Vipimo vilionyesha kwamba wakitumia dola 5,000 zaidi kununua vifaa vya nyongeza, kasoro ingeondoka. Ndivyo walivyofanya, na badala ya hasara ya dola 20,000 kampuni ikapata dola 15,000. Mwandishi Dale Carnegie alikitia kisa hicho katika kitabu chake kuhusu wasiwasi kilichotoka mwaka wa 1948, na huenda wako wanaomjua Carrier kwa kisa hicho pekee.

Desemba 1911, mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani, alisoma makala iliyoweka hesabu za uhusiano kati ya joto, unyevu na kiwango cha umande. Chati iliyotokana na kazi hiyo ingali inafundishwa vyuoni.

Lakini fani ilipokuwa ikikomaa, mwajiri wake alianza kurudi nyuma. Mwaka wa 1914, vita vilipozuka Ulaya, Buffalo Forge iliamua kubaki na uundaji wa mashine pekee na kuachana na kazi ya kubuni mitambo ya hewa. Carrier alikuwa na jina, na pengine angebaki humo kwa raha. Wenzake wadogo ndio waliokuwa hatarini. Juni 26, 1915, yeye, Lyle na wenzao watano walichanga akiba zao, zaidi kidogo ya dola 30,000, wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na hesabu za Carrier na uwezo wa Lyle wa kuuza.

Fauka ya hayo, nyumbani kwake hapakuwa na wepesi. Mkewe wa kwanza, Edith, alifariki mwaka wa 1912. Alioa tena mwaka uliofuata, na mkewe wa pili, Jennie, akafariki mwaka wa 1939. Mwaka wa 1941 alimwoa Elizabeth Marsh Wise. Alilea wana wawili wa kupanga.

Waliomfahamu walimwona mwenye mawazo ya mbali. Inasimuliwa kwamba aliwahi kufunga safari na sanduku ambalo, lilipofunguliwa, lilikutwa na leso moja tu.

Sinema na vipepeo

Mitambo ya awali ilipoza kwa amonia, gesi yenye sumu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeikubali juu ya vichwa vya halaiki. Mwaka wa 1922 Carrier alizindua mjini Newark mashine ya kupoza maji yenye kompresa ya kuzunguka kama pia, ndogo kuliko zilizotangulia na inayotumia kemikali isiyo na hatari kubwa kama amonia. Mwaka wa 1924 mashine tatu kama hizo zilifungwa katika duka kubwa la J.L. Hudson mjini Detroit, ambako wanunuzi walikuwa wakizimia kwa joto siku za bei nafuu.

Mtihani mkuu ulikuja Mei 1925 katika jumba la sinema la Rivoli, New York. Wakati huo kumbi nyingi za sinema zilifungwa au zilikosa watu wakati wa kiangazi. Adolph Zukor, mkuu wa kampuni ya filamu ya Paramount, alifika na kuketi roshanini. Mtambo ulichelewa kuwashwa. Watu waliingia na vipepeo vyao, wakawa wanajipepea. Carrier na wenzake walisimama nyuma wakiangalia. Polepole, kipepeo kimoja kikatulia, kisha kingine, hadi ukumbi mzima ukasahau joto na kuitazama picha. Zukor aliondoka akikiri kwamba watu watakipenda kitu hicho.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Bunge la Marekani lilipata hewa ya kupozwa miaka ya 1928 na 1929. Hata barani Afrika kazi ilifika: katika miaka ya 1930, mashine za Carrier zilipoza hewa iliyoteremshwa kwa wachimbaji wa dhahabu katika mgodi wa Robinson Deep, Johannesburg.

Nyumba za watu wa kawaida hazikufikiwa upesi. Carrier alitoa mtambo wa nyumbani mwaka wa 1928, mwaka mmoja kabla ya uchumi wa dunia kuanguka. Mwaka wa 1930 kampuni yake iliungana na nyingine mbili ili kunusurika, na mwaka wa 1937 ikahamia Syracuse. Viyoyozi vya dirishani vilienea Marekani katika miaka ya 1950, naye akiwa kaburini.

Aliyekiacha kwa mwenye nyumba

Mwenye kiyoyozi nyumbani akikumbuka bilauri ya soda ataepuka gharama nyingi za fundi. Maji yakidondoka ukutani, kwa kawaida ni yaleyale yaliyotolewa hewani, na mrija wa kuyapeleka nje umeziba kwa ukungu na vumbi. Mrija huo usafishwe kabla ya lolote.

Barafu ikiganda kwenye koili, watu husema mtambo una nguvu mno. La hasha. Hewa haipiti ya kutosha, mara nyingi kwa sababu chujio limeshona vumbi, au gesi imepungua. Mtambo uzimwe barafu iyeyuke, chujio lioshwe na kukaushwa. Barafu ikirudi, ndipo fundi aitwe. Ikumbukwe kwamba gesi haiishi kama mafuta ya gari; huzunguka ndani ya mabomba. Fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta mahali inapovujia anamwibia mteja, hata kama hana nia hiyo.

Chumba kikiwa baridi lakini shuka zinanata, huenda mtambo ni mkubwa kuliko chumba. Unapoza upesi na kuzima kabla ya kutoa unyevu. Wanaonunua kiyoyozi kikubwa kwa sifa mbele ya majirani wangefaa kuwakumbuka wapiga chapa wa Brooklyn, ambao joto lilikuwa nusu tu ya shida yao.

Kuna tawi jingine la urithi huu ambalo Carrier aliliona likichipuka tu. Tangu sensa ya Marekani ya mwaka wa 1890, taarifa zilihifadhiwa kwenye kadi za karatasi zilizotobolewa, mashine zikazisoma. Kadi hizo zilifutuka kwa unyevu na kukwama mashineni, ugonjwa uleule wa Sackett & Wilhelms. Mwaka wa 1946 ilizinduliwa Philadelphia kompyuta ya ENIAC, yenye valvu karibu 18,000, kila moja ikitoa joto kama taa. Tangu hapo kompyuta kubwa na upozaji wa hewa vimekuwa kama pete na kidole. Wahandisi hupendekeza hewa inayoingia katika mashine za kuhifadhi data iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na unyevu usizidi wala kukosekana.

Leo kila nyumba ina ghala lake dogo la data: diski yenye picha za harusi, simu yenye stakabadhi, kompyuta ya mtoto wa chuo. Katika Pwani yetu, ambako unyevu na wadudu wamekula hati nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, si vigumu kuelewa adui ni nani. Diski isifungiwe kabatini ikiwa inafanya kazi, wala isiwekwe juu ya televisheni. Ikitoka katika chumba chenye baridi kali kuingia nje penye joto na unyevu, iachwe kwanza mkobani kwa muda kabla ya kuwashwa, kwa kuwa umande utaigusa kama ulivyoigusa bilauri.

Hata hivyo, hakuna kiyoyozi kinachoikinga diski dhidi ya mwizi, umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo, au uzee wake yenyewe. Mwenye fedha kidogo atumie fedha hizo kununua diski ya pili, anakili kila kitu, na kuiweka nyumba nyingine, kwa dada au kwa mjomba. Nakala iliyo katika droo moja na asili yake haina maana: moto hauchagui.

Urithi huu una deni pia. Gesi za kupoza zilizoanza kutumika baada ya mwaka wa 1928 ziliharibu tabaka la ozoni, hadi Mkataba wa Montreal wa 1987 ukazipiga marufuku hatua kwa hatua. Zilizochukua nafasi yake zimebainika kuchangia ongezeko la joto duniani, na mnamo Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza. Umeme unaoliwa na viyoyozi ni suala jingine, na bado halijapata mkataba.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Carrier alisimamia ubunifu wa mfumo wa kupoza hewa katika njia ya majaribio ya ndege huko Cleveland, ambako hewa nyingi ajabu ilishushwa hadi nyuzi 55 chini ya sufuri ili kuigiza hali ya angani. Kazi hiyo ndiyo aliyojivunia kuliko zote. Moyo ulianza kumsumbua, akajiuzulu uongozi mwaka wa 1948, na Oktoba 7, 1950 akafariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Buffalo.

Mwaka wa 1980, Chuo Kikuu cha Syracuse kilifungua uwanja mkubwa uliofunikwa paa, ukapewa jina la Carrier Dome kwa shukrani kwa mchango wa fedha wa kampuni yake. Uliitwa hivyo hadi mwaka wa 2022. Kwa takriban miaka yote hiyo mashabiki waliloa jasho humo, kwani uwanja ulijengwa bila kiyoyozi.